Ngozi ya kondoo ya 1086 na diski ya 1986: urithi wa kidijitali unavyopotea, na unavyookolewa

Mwaka 1086 makarani wa Mfalme William wa Uingereza, yule aliyeiteka nchi hiyo miaka 20 kabla, walizunguka kijiji kwa kijiji wakiuliza maswali ya kodi. Shamba hili ni la nani? Lina plau ngapi? Kinu kipo? Majibu yakaandikwa kwa Kilatini kwenye ngozi za kondoo. Baadaye watu wakakiita kitabu hicho Domesday, yaani Siku ya Hukumu, kwa sababu kilichoandikwa humo hakikuwa na rufaa. Kitabu kipo mpaka leo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Ukijua Kilatini cha wakati ule, unakisoma bila umeme, bila nenosiri, bila kusasisha kitu.

Miaka 900 baadaye, mwaka 1986, BBC ikaamua kuirudia kazi ile kwa teknolojia ya kisasa. Na walijipanga kweli. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, wengi wao wanafunzi wa shule. Nchi iligawanywa katika vipande vya kilomita 4 kwa 3, na kila kipande kikapewa watu wa kukiandika: tunakula nini, duka linauza nini, baba wanafanya kazi gani, watoto wanacheza nini jioni. Zikapatikana kurasa karibu 148,000 za maandishi na picha zaidi ya 23,000 zilizopigwa na watu wa kawaida, mbali na ramani, takwimu na video. Mradi uligharimu takribani pauni milioni 2.5.

Vyote hivyo viliwekwa kwenye diski mbili kubwa za leza, za upana wa sentimita 30 hivi, sawa na sahani ya santuri ya zamani. Ili uzisome ulihitaji mashine maalumu ya Philips, kompyuta ya BBC Master iliyotengenezwa na Acorn, na programu iliyoandikwa kwa BCPL, lugha ambayo leo hata wahitimu wengi wa sayansi ya kompyuta hawajawahi kuiona. Seti nzima iliuzwa kwa maelfu ya pauni. Matokeo yake shule nyingi zilizochangia habari hazikuwahi kuimudu. Watoto waliandika, lakini kusoma walichoandika ikawa shida.

Kufikia 2002, miaka 16 tu baadaye, magazeti ya Uingereza yalikuwa yanacheka kwa uchungu: cha 1086 kinasomeka, cha 1986 hakisomeki.

Sasa angalia jambo moja ambalo watu hulipita haraka. Diski zenyewe hazikuwa zimeoza. Nyingi zilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni mashine za kuzisomea. Ni kama umebaki na kufuli imara, ufunguo umeyeyuka. Shika hapo, kwa sababu tutakapofika kwenye habari za kioo na vinasaba utaona kwa nini ninaisisitiza hoja hii.

Kufa mara tatu

Mwaka huohuo wa 2002 watafiti wa mradi wa CAMiLEON, wa Chuo Kikuu cha Leeds na Chuo Kikuu cha Michigan, walionyesha njia ya kutokea. Walihamisha data kutoka kwenye diski, kisha wakaandika programu inayoifanya kompyuta ya kisasa ijifanye BBC Master. Programu ile ya zamani, ikiendeshwa humo ndani, haina habari kwamba miaka imepita. Inaomba kitu kwenye mashine ya 1986, na mashine ya uongo inaijibu kama vile ingejibu ile ya kweli. Mbinu hii tuiite uigaji. Kama umewahi kucheza michezo ya zamani ya Nintendo kwenye simu yako, umeshautumia bila kujua jina lake.

Mbinu ya pili ni kuhamisha: unalitoa faili kwenye muundo wa zamani na kulitia kwenye muundo mpya, kama watu walivyohamisha kaseti kwenda CD na CD kwenda MP3. Ni rahisi zaidi, na ndiyo inayotumika sana. Ubaya wake ni kwamba kila uhamisho unaacha kitu njiani. Waliofanya kazi na hati za Word za miaka ya 90 wanajua: maneno yanafika, majedwali yanafika yakiwa yamevunjika miguu. Uigaji unabeba kitu kizima pamoja na tabia zake, ila unakudai uielewe mashine iliyokufa kwa undani wa kutisha. Kwa maoni yangu taasisi kubwa zinahitaji zote mbili. Mtu mmoja mwenye kompyuta yake ya mkononi anatosheka na kuhamisha, mradi ile nakala ya asili asiitupe.

Turudi Domesday. Kwa kutumia kanda za video za awali zilizokuwa bado zimehifadhiwa, picha ziliokolewa kwa ubora wa juu kuliko uliokuwa kwenye diski. Mwaka 2004 toleo la mtandaoni likafunguliwa na mtaalamu mmoja aliyekuwa akiliendesha mwenyewe. Watu wakashangilia: imeokoka! Mwaka 2008 mtaalamu huyo akafariki ghafla, na tovuti ikazimika naye.

Mwaka 2011 BBC yenyewe ikaingia. Ikaweka mtandaoni sehemu ya vijiji, ikaiita Domesday Reloaded, na ikawaalika wananchi wapige picha mpya za sehemu zilezile. Juni 2018 BBC ikaifunga. Safari hii, bahati nzuri, Nyaraka za Taifa zilikuwa zimeshachukua nakala kabla taa haijazimwa.

Kwa hiyo kazi moja imekufa mara tatu, na kila kifo kilikuwa na sababu yake. Kwanza mashine, kisha mtu, kisha uamuzi wa ofisini. Hakuna hata kimoja kilichosababishwa na data kuharibika.

Kuna kundi la watu wa kujitolea, Domesday86, ambao bado wanaishughulikia. Wametengeneza kifaa kinachonasa mawimbi ghafi yanayotoka kwenye leza ya mashine ya zamani, kabla hayajageuzwa kuwa picha, ili kazi ya kuyatafsiri ifanywe na programu ambayo inaweza kuboreshwa kila mwaka. Na wanakusanya nakala nyingi za diski ileile. Kwa nini? Kwa sababu diski ya huyu ina mikwaruzo hapa na ya yule ina mikwaruzo pale. Ukizinasa kadhaa na kuzilaza moja juu ya nyingine, kila moja inaziba matundu ya mwenzake.

Baba anavyogeuka bibi

Lakini data nayo huharibika, tusijidanganye. Hebu tuone kinavyotokea.

Kompyuta huandika kila herufi kwa namba. Katika mfumo wa ASCII, uliowekwa miaka ya 1960 na ambao bado umo ndani ya mifumo ya leo, herufi ndogo a ni namba 97, ambayo kwa sifuri na moja ni 01100001. Herufi i ni 105, yaani 01101001. Zitazame tena. Zinatofautiana tarakimu moja tu, ya tano kutoka kushoto. Maana yake, neno "baba" likipata hitilafu ya biti moja kwenye a ya kwanza na nyingine kwenye a ya pili, unasoma "bibi". Biti mbili tu, jinsia na kizazi vimebadilika! Na sentensi bado inaeleweka, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka.

Ngozi ya kondoo ikitafunwa na panya, unaona tundu. Faili likipoteza biti, kwa nje linaonekana vilevile. Ndiyo maana wahifadhi hawaaminini na macho. Wanatumia namba ya uhakiki. Wazo lake ni jepesi: toa kwenye faili namba fupi, iandike pembeni, kisha kila baada ya muda ikokotoe upya uone kama ni ileile. Tujaribu kwa mkono, a ikiwa 1, b ikiwa 2, na kuendelea. "Baba" ni 2+1+2+1, jumla 6. "Bibi" ni 2+9+2+9, jumla 22. Hitilafu imekamatwa. Ila ukipanga "abab" utapata 6 vilevile, kwa hiyo kujumlisha tu hakutoshi. Wahifadhi hutumia hesabu ngumu zaidi, kama ile iitwayo SHA-256, inayolipa faili lolote, liwe la mstari mmoja au la filamu nzima, alama ya kidole yenye herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja, alama yote inageuka.

Namba ya uhakiki inakwambia mgonjwa anaumwa, haimtibu. Dawa ni nakala nyingine nzima mahali pengine. Chuo Kikuu cha Stanford kilianza mwaka 1999 mfumo uitwao LOCKSS, ambao maktaba nyingi zinatunza nakala za majarida yaleyale, na kompyuta zao zinaulizana mara kwa mara: ya kwako ikoje? Moja ikionekana inatofautiana na wenzake, inarekebishwa kwa kunakili kutoka kwa walio wengi. Ni kikao cha wazee wa mtaa, ila kinafanyika kwenye waya.

Kisha kuna tabaka la tatu, ambalo kusema kweli ndilo linalotuumbua sisi watu wa vyuoni: maana. Biti ni salama, faili linafunguka, unakuta jedwali lenye safu zilizoandikwa x1, x2 na "kipimo_b". Kipimo cha nini? Kilichukuliwa wapi? Wanafunzi wa uzamili wenzangu mnajua ninachosema. Kwenye flashi zetu mna faili liitwalo data_mwisho, jirani yake data_mwisho_mwisho2, na msimamizi anaomba "ile ya mwisho". Mashirika ya anga yalilijua tatizo hili mapema, kwa sababu chombo kikishapita sayari hakirudi kupima upya. Ndio waliobuni kiwango kinachofuatwa leo na nyaraka nyingi za kidijitali duniani, kilichokubaliwa na shirika la viwango la kimataifa mwaka 2003. Kwa kifupi kinasema hivi: usihifadhi faili peke yake, hifadhi pamoja nalo kila kitu ambacho mtu asiyekujua atakihitaji ili alielewe.

Na hata NASA yenyewe iliponea chupuchupu. Miaka ya 1966 na 1967 ilirusha vyombo vitano vya Lunar Orbiter kupiga picha za Mwezi kabla ya binadamu kutua. Picha zilirekodiwa kwenye kanda kubwa zilizosomwa na mashine za Ampex FR-900, mashine adimu zenye ukubwa wa kabati. Kanda zilibaki. Mashine zikatupwa karibu zote, isipokuwa chache ambazo mtunza kumbukumbu Nancy Evans alikubali kuzichukua na kuzitunza nyumbani kwake kwa miaka mingi. Mwaka 2008 kikundi kidogo kiliziweka kwenye jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's katika kituo cha NASA cha Ames, California, kikazifufua kwa vipuri vya kuokoteza. Picha ya kwanza waliyoitoa ilikuwa ya Dunia ikichomoza nyuma ya Mwezi, iliyopigwa Agosti 1966, na ilikuwa safi kuliko ile ambayo watu waliiona wakati ule. Kanda asili za ishara za kutua kwa Apollo 11 hazikuwa na bahati hiyo. Mwaka 2009 NASA ilieleza kwamba huenda zilifutwa na kutumiwa tena, wakati wa uhaba wa kanda.

Mtandao nao je?

Tuliozoea kuambiwa "kikishaingia mtandaoni hakitoki" tunashangaa tukisikia takwimu. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichapisha mwaka 2024 kwamba kati ya kurasa za mtandao zilizokuwepo 2013, asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena miaka 10 baadaye. GeoCities, ambako mamilioni ya watu walijenga kurasa zao za kwanza, ilifungwa na Yahoo Oktoba 2009. Sehemu kubwa ikaokolewa na watu wa kujitolea waliokesha wakipakua. MySpace ilikiri mwaka 2019 kwamba nyimbo na picha zilizopandishwa kabla ya 2016 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Wasanii wangapi wachanga walikuwa na nakala moja tu, huko?

Mtu aliyeona mapema ni Brewster Kahle, aliyeanzisha Internet Archive mwaka 1996 huko San Francisco. Roboti zake hutembea kwenye mtandao zikipiga picha ya kila ukurasa, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuzifungua kupitia Wayback Machine. Oktoba 2025 walisherehekea kufikisha kurasa trilioni moja. Afrika imo katika historia hii tangu mapema: mwaka 2002 nakala ya makusanyo ya miaka ya kwanza ilipelekwa Misri, kwenye maktaba mpya ya Alexandria, mji uleule ambao jina lake ni mfano wa maktaba iliyopotea. Mwaka uliofuata, 2003, UNESCO ilipitisha Mkataba wake wa Uhifadhi wa Urithi wa Kidijitali, ikitamka kwamba vitu vilivyozaliwa kidijitali navyo ni urithi kama majumba na miswada.

Lakini taasisi hii nayo si mwamba. Oktoba 2024 ilishambuliwa na wadukuzi ikawa gizani kwa siku kadhaa. Mahakamani imeshindwa na wachapishaji wa vitabu. Na sasa kuna mgogoro mpya: tovuti kubwa, Reddit ikiwemo, zimeanza kuzizuia roboti zake zikiogopa kwamba kampuni za akili unde zitapitia humo kuchota data bila kulipa. Hofu yao ina msingi. Ila anayeumia ni mtu wa 2060 atakayetaka kujua mwaka 2025 watu walikuwa wanabishana nini.

Upande wetu

Kiswahili kiliingia mtandaoni mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kamusi hai ya Kiswahili ilianzishwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, mtandao ukiwa bado mchanga. Wikipedia ya Kiswahili ni ya 2003. Miaka hiyohiyo blogu za Kiswahili zikachipuka, Jikomboe ya Ndesanjo Macha ikiwa miongoni mwa za mwanzo, kisha zikafuata za picha na habari za mtaani, kisha majukwaa ya mijadala. Mtu atakayeandika historia ya siasa na utani wa Tanzania wa miaka ile atazihitaji kuliko magazeti.

Kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam, zenye sauti za kina Mbaraka Mwinshehe na bendi za miaka ya 60 na 70, angalau ni kitu unachoweza kukishika na kukiona kinaota ukungu. Unajua ni zipi ziko hatarini. Blogu ya 2006 ambayo mwenyewe hakulipia jina la tovuti inaondoka usiku mmoja, na asubuhi mahali pake pana tangazo la kamari.

Sheria pia imebaki nyuma. Tanzania ina sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inayowataka wachapishaji wapeleke nakala za machapisho yao. Ni sheria ya zama za karatasi. Uingereza ilikuwa na sheria za aina hiyo kwa karne nyingi, lakini mwaka 2013 ikaongeza kanuni zinazoziruhusu maktaba kuu kunakili tovuti za nchi hiyo bila kumwomba ruhusa kila mwenye tovuti. Bila ruhusa ya namna hiyo, mkutubi anayetaka kuhifadhi blogu elfu moja anapaswa kuandika barua elfu moja, na nusu ya wenye blogu hawatafuti tena barua pepe zao za zamani.

Kuna jaribio moja la pwani ambalo ninalipenda. Msikiti wa Riyadha, Lamu, una miswada ya Kiarabu iliyoandikwa na kunakiliwa na wanazuoni wa visiwa vile. Kwa ufadhili wa programu ya nyaraka zilizo hatarini ya Maktaba ya Uingereza, ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kanuni ya programu hiyo ni kwamba miswada ya asili haiondoki nchini, na nakala za picha hubaki pia huko zilikotoka. Wengine waliiona kanuni hiyo kama adabu tu. Kisha Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ikavamiwa na wadukuzi waliodai fidia, maktaba ikakataa kulipa, na huduma zake nyingi za mtandaoni, pamoja na nakala za programu hiyo, zikawa hazipatikani kwa miezi mingi. Karatasi zilikuwa zimetulia Lamu.

Simtetei mtu anayesema tubaki na karatasi. Aprili 2021 moto wa mlimani ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town ukateketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger, na vitabu na filamu za masomo ya Afrika vikaungua. Vilivyokuwa vimeshapigwa picha vilibaki na pa kuvitazamia. Karatasi na faili zinakufa kwa magonjwa tofauti, ndiyo faida ya kuwa navyo vyote viwili.

Kioo, vinasaba na barafu

Kuhusu mbele, vyombo vya habari hupenda habari za vifaa vya ajabu. Vipo kweli. Mwaka 2019 Microsoft ilionyesha filamu nzima ya Superman ya 1978 ikiwa imechorwa kwa leza ndani ya kipande cha kioo cha upana wa sentimita 7.5, kinachostahimili maji, joto na sumaku. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya waliandika soneti zote 154 za Shakespeare kwa kutumia DNA, molekuli ileile inayobeba urithi wa mwili wako, wakazisoma tena. Huko Svalbard, karibu na Ncha ya Kaskazini, ndani ya mgodi wa zamani wa makaa ya mawe, kuna hazina iliyofunguliwa 2017. Humo data huchapwa kwenye filamu maalumu, na mwaka 2020 GitHub ilipeleka huko terabaiti 21 za programu huria.

Vyote hivi vinajibu swali la chombo kitadumu miaka mingapi. Swali zuri. Lakini diski za Domesday hazikushindwa mtihani huo. Zilishindwa mtihani wa nani atazisoma, kwa mashine gani, na nani anamlipa. Kipande cha kioo cha miaka 10,000 ambacho kisomeo chake ni cha kampuni moja kinanitia wasiwasi uleule. Filamu ya Svalbard ina busara zaidi hapo, kwani juu yake yameandikwa pia maelekezo ya kuisoma kwa maandishi ya kawaida, yanayoonekana kwa lenzi na taa. DNA nayo ina kete yake: maadamu tunaumwa, hospitali zitakuwa na mashine za kuisoma. Tatizo lake leo ni gharama ya kuiandika.

Ninachoona kina nafasi kubwa zaidi hakina mvuto wa kamera. Ni miundo ya faili ambayo maelezo yake yako wazi kwa kila mtu. Ni mradi kama Software Heritage wa Ufaransa, unaokusanya tangu 2016 msimbo wa programu zenyewe, ili mjukuu atakayekuta faili apate pia cha kulifungulia. Na ni bajeti. Kitabu ukikiweka rafu kavu unaweza kukisahau miaka 50. Data ukiisahau miaka 50 hukuti kitu. Diski ngumu hubadilishwa kila baada ya miaka michache, umeme hulipwa kila mwezi, mtaalamu hulipwa kila mwezi. Wafadhili hupenda kulipia kupiga picha miswada kwa sababu kuna sherehe ya uzinduzi. Mwaka wa kumi hakuna anayekata utepe kwa ajili ya kubadilisha diski.

Halafu kuna kundi la vitu ambalo hakuna nyaraka ya taifa itakayolifikia. Historia simulizi ya familia nyingi za Afrika Mashariki kwa sasa inakaa WhatsApp: ujumbe wa sauti wa bibi akieleza ukoo ulitoka wapi, picha ya harusi iliyotumwa ikiwa imebanwa, sauti ya mjomba aliyefariki mwaka jana. Ujumbe huo umefungwa kwa usimbaji, na ni sahihi uwe hivyo, kwa hiyo hakuna roboti ya San Francisco itakayouchukua. Upo kwenye simu. Simu ikiibiwa Kariakoo au ikaanguka kwenye beseni, basi.

Kama unataka kuanza na hayo, hamisha sauti na picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, weka nakala ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu ikae mji mwingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila faili lipe jina lenye mhusika, mahali na tarehe, kwa mfano bibi_asha_tanga_2019-04-21, na uweke kando ya sauti maandishi mafupi ya nani anaongea na anamtaja nani. Kwa ukurasa wa mtandao wa hadhara, nenda web.archive.org, bandika anwani yake kwenye kisanduku cha kuhifadhi ukurasa, subiri dakika moja au mbili. Kurasa za Facebook na Instagram mara nyingi hazinaswi vizuri kwa njia hiyo, kwa hiyo akaunti yako mwenyewe ipakue kwenye mipangilio, ambako kila kampuni imeweka kitufe cha kuomba nakala ya data zako.